Kalamu Nyekundu ya Mwalimu Evarista

Silvano Mazengo hakumwamini mtu yeyote anayekata. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa watu binafsi, kila kitu cha serikali kilikuwa kinakatwa. Ofisi yao ya ununuzi wa mazao ilishapunguza watu mara mbili, na yeye, mkaguzi mwenye mvi, akapelekwa chuoni Hombolo na onyo moja tu: andiko lake la kumaliza masomo likikataliwa, asirudi kazini.

Basi akaandika. Kurasa zaidi ya thelathini kuhusu kazi ya mkaguzi wa ununuzi wa karanga, zimejaa "kwa kuzingatia muktadha husika" na "ni dhahiri shahiri kwamba". Kazi nene namna ile, nani angethubutu kuitupa?

Msimamizi wake alikuwa Mwalimu Evarista, binti wa rika la mwanawe wa kwanza.

"Shikamoo, mzee Silvano," alimwamkia kwa adabu zote, kisha akashika kalamu nyekundu na kuanza kufyeka.

"Marahaba," Silvano aliitikia, macho kwenye kalamu. Ukurasa mzima ukabaki mistari minne. Huyu ametumwa, akajisemea. Wanataka nionekane sina la kusema.

"Mzee wangu, hapa ulitaka kusema nini?"

"Si nimeshasema, mwalimu?"

"Hebu kaandike kama unavyomweleza mama watoto."

Alirudi bwenini amenuna. Nakala yake akaificha chini ya godoro, binti asije akaiiba na kuiita yake. Ndipo akakaa, kwa shingo upande, akaandika kama alivyoagizwa: "Karanga siku hizi zinanunuliwa na wafanyabiashara, huko huko shambani. Mkaguzi wa ununuzi hana cha kukagua."

Akasoma. Kikulacho ki nguoni mwako! Wakati wote akimchunga Evarista, kumbe aliyekuwa anamfukuza kazi ni Silvano mwenyewe. Yale maneno mazito yalikuwa blanketi tu, naye alijifunika gubigubi.

Aliogopa, na haki yake kuogopa: nyumbani Nkuhungu alikuwa na watoto wanne, na nyumba haijaezekwa. Akashika kalamu ayarudishe maneno yake mazito. Lakini hasira ikamtangulia, maana alikumbuka kule kijijini Ihumwa, mjane mmoja akipimiwa gunia lake kwenye mizani ya uongo, na yeye, mkaguzi, amesimama pembeni bila mamlaka ya kuizuia. Akaongeza: "Mizani ya wafanyabiashara haikaguliwi na mtu. Wakulima wanapunjwa. Nimeona Ihumwa. Kuikagua ninajua."

Kesho yake aliweka karatasi mbili mezani. Evarista alisoma, kalamu mkononi. Alipofika mwisho akarudia kusoma, kisha akaifunika kalamu.

"Hii inakwenda ofisini kwenu kama ilivyo, mzee."

Hakuna neno lililokatwa, hata moja. Silvano akakaza macho kumtazama, na shaka ikamshika kuliko siku zote: na huyu asiyekata, anataka nini?