Seli za Mervyn Haslett

Kaka yangu Mervyn alikuwa mtu wa kujifia kimyakimya, na mpaka leo sijamsamehe. Ng'ombe wake akikohoa mara moja, daktari wa mifugo ameshapigiwa simu. Yeye mwenyewe alikojoa damu msimu mzima wa kupanda viazi bila kumwambia mtu. Huku kwetu mashambani Antrim mwanamume hamsumbui daktari. Wapo wanaoumwa zaidi. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini jaribu kumweleza hivyo Mpresbiteri mwenye ng'ombe wa maziwa.

Ilipogundulika ni saratani ya tezi dume, mimi ndiye niliyempeleka kupigwa mionzi, kila siku, hadi hospitali ya kaskazini. Binti yake Lorna, ambaye ni daktari, hakuambiwa. Alikuwa Belfast, amepata nafasi ya miaka mitatu ya utafiti, na alichokuwa anatafiti, Mungu atusamehe, ni saratani ya tezi dume inayogoma kufa kwa mionzi.

"Mwambie mwanao," nilimwambia garini. "Si ndiyo kazi yake?"

"Ndiyo maana simwambii. Nimsumbue ana kazi?"

"Hivi una akili kweli wewe?"

"Endesha gari, Iris."

Mwaka wa pili ugonjwa ukarudi palepale ulipochomwa. Muuguzi mmoja, Attracta, akamwuliza kama angekubali kutoa kinyama kidogo cha uvimbe wake kwa ajili ya utafiti wa Belfast. Jina halitaandikwa, akamhakikishia, ni namba tu. Kisha akacheka. "Daktari wa huo utafiti naye ni Haslett. Mna undugu?"

"Akina Haslett tumejaa kama magugu," Mervyn akasema, akatia sahihi.

Nilimwangalia. Alikuwa na furaha, yule mpumbavu. Alikuwa amepata njia ya kumsaidia binti yake bila kulazimika kuzungumza naye.

Jumapili moja ya Oktoba Lorna akaja kula nasi, amechangamka kuliko kawaida.

"Baba, tumepata seli za ajabu! Tunazipiga mionzi, hazifi. Tunaongeza, hazifi. Yaani hizi ndizo zitakazonipa digrii yangu."

"Za nani?"

"Hatujui, namba tu. Mzee fulani wa hospitali ya kaskazini. Kule kakubali mmoja tu, wengine wote wamekataa."

Kisu changu kikasimama kwenye nyama. Mervyn aliendelea kukata kiazi.

"Na huyo mzee, atapona?"

"Huyo?" Lorna akatikisa kichwa, mdomo umejaa. "Hapana, baba. Mwenye seli kama zile, Krismasi ya mwakani haioni. Maskini."

"Lakini zimekusaidia."

"Sana!"

"Basi vizuri. Kula, chakula kinapoa."

Nilimpiga Mervyn teke chini ya meza. Akanikazia macho. Madaktari wake walikuwa wakimzungusha kwa maneno laini. Hukumu yake aliipata kwa mwanawe mwenyewe, kati ya nyama na keki.

Septemba iliyofuata alianguka kwenye banda la kukamulia, akafa kabla Lorna hajafika. Nilimwambia ni saratani. Alikuwa analia, hakuuliza zaidi.

Kesho yake nyumba ilijaa majirani, chai na sandwichi, marehemu sebuleni kwenye jeneza kama ilivyo desturi. Attracta naye alikuja. Alidhani Lorna anajua.

"Pole, daktari," akamshika mkono. "Baba yako alikuwa mtu mwema. Kutoka hospitali yetu ni yeye peke yake aliyekubali kutoa kinyama kwa utafiti wako."

Lorna alinifuata jikoni, uso umemparama.

"Shangazi. Siku ile mezani. Alijua kwamba namsema yeye?"

Ningeweza kumdanganya. Kudanganyana kwa upole ndiyo dini yetu ya kweli huku, na nilikuwa nimeichoka.

"Alijua."

Akakaa kitini. Hakulia. Kisha akaniambia jambo nisilolijua: kwamba seli zile bado zi hai. Ziko maabara kwenye chupa, zinazidi kuongezeka, na lazima zilishwe kila baada ya siku chache, la sivyo zinakufa.

"Ziache zife!" nikasema.

"Siwezi, shangazi. Hatujapata nyingine kama hizo."

Tulimzika Jumamosi. Jumatatu asubuhi Lorna alirudi Belfast kukilisha kilichomuua baba yake.