Giaboksi Isiyo na Kibao

Mradi wa karanga ulipokuwa unafungwa Nachingwea, kila wiki lori liliondoka na watu niliofanya nao kazi. Mimi nilikuwa fundi wa matrekta ya minyororo, na sikutaka kurudi kwenye jembe. Mfanyabiashara wa ufuta kutoka Ruangwa aliponiletea gari dogo la mbio la viti viwili, alilonunua kwa Mzungu aliyerudi kwao, nilimsikiliza nikizunguka-zunguka. Kukaa sikuweza.

Giaboksi yake ilikuwa imevunjika meno. Kwenye chuma chakavu cha kambi zilikuwapo mbili zinazoingia mahali pake, zote zimeng'oka kibao cha maandishi kinachotaja uwiano wa gia zake.

"Funga yoyote," alisema. "Ijumaa baada ya sala nakuja. Likipanda kilima chetu cha mchanga bila kusukumwa, gereji ninayojenga utaisimamia wewe."

Si yoyote ingefaa. Kama gia ya kwanza ilikatwa kwa mwendo wa kasi wa lami, injini ingezimika kilimani. Nilifunga moja, nikainua gurudumu la nyuma la kushoto kwa jeki, nikalitia alama ya chaki, nikaingiza gia ya kwanza. Mtani wangu Mmakonde, dereva wa trekta, akazungusha injini kwa hendeli. Gurudumu lilimaliza mzunguko mmoja kwa mizunguko saba na nusu ya injini.

"Rudia," nikamwambia.

"Wewe Mmwera, mkono huu ni wangu, si wa kambi!"

Akarudia. Saba na nusu. Meno ya ekseli nilishayahesabu: shafti inayotoka kwenye giaboksi huzunguka mara tano ili gurudumu lizunguke mara moja. Kwa hiyo kwenye gia ya kwanza injini ilizunguka mara moja na nusu tu kwa kila mzunguko wa shafti. Kwa gia hiyo gari lisingepanda hata kichuguu. Nikaanza kufungua boliti, na kesho yake ilikuwa Ijumaa.

Ili nipate nafasi chini, tuliinua na upande wa kulia, tukaweka magogo. Gia ilikuwa bado imeingia. Mtani akalipiga teke gurudumu la kushoto.

"Haya, kimbia, gari la mbio!"

Lilizunguka. La kulia likazunguka kinyume.

Niliacha spana. Matrekta yetu ya minyororo hayakuwa na difu, ile mashine ya katikati ya ekseli inayogawa mzunguko kwa magurudumu mawili. Kila upande ulikuwa na klachi yake. Ndiyo maana hatukuliwazia gurudumu lililobaki ardhini. Lilipozuiwa na ardhi, lile la hewani lilipokea mzunguko wa yote mawili, likaenda mara mbili.

Sikuamini kwa kichwa tu. Tulitia chaki magurudumu yote, mtani akazungusha injini mara kumi na tano huku akinitukania wajomba. Moja lilipita alama kidogo, jingine likapungukiwa kiasi kilekile. Kwa jumla, mizunguko miwili kamili. Kumi na tano ukigawa kwa tano ni tatu: gia ya kilima. Nikazirudisha boliti.

Ijumaa mwenye gari aliendesha mwenyewe. Kwenye mchanga alisita.

"Ya kwanza, bwana, na usiiachie," nilisema, nimeukamata mlango.

Injini ilinguruma, ikashuka sauti, ikashikilia. Tulipofika juu hakusimama hadi Ruangwa, mbele ya kuta tatu zisizo na paa.

"Ndiyo hiyo gereji," alisema.

Nilikuwa nimeshashuka, napima kwa hatua mahali pa kuchimba shimo la kuingilia chini ya magari.