Fomu Niliyoisaini Asubuhi

Nilisaini fomu ya matokeo ya kura kabla mtu yeyote hajapiga kura. Afadhali niseme hivyo mapema, maana nikianzia mbali nitapata nafasi ya kujitetea, na nimeshajitetea vya kutosha mbele ya watu wenye elimu kunizidi. Fomu ilikuwa tupu. Majina ya wagombea yamepangwa upande mmoja, visanduku vya hesabu vyeupe upande wa pili, na chini kabisa jina langu na saini yangu yenye mkia mrefu, ile niliyoifanyia mazoezi kidato cha pili nikidhani siku moja nitakuwa meneja wa benki.

Sikuhongwa. Sikutishwa. Nilitaka tu kuwahi nyumbani kula.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kutoka kwangu, huku Paya, mpaka Nagongera sokoni, kwangu ni safari ya kuaga watu. Mke wangu huwaambia wageni kwamba akitaka kuniadhibu ananituma Tororo mjini. Mara ya mwisho kukaa mbali ilikuwa siku za sekondari, nilipopelekwa kwa mjomba kule Busia, upande wa Kenya, nikarudi na Kiswahili hiki ninachoandikia na cheti ambacho mpaka leo hakuna aliyewahi kuomba kukiona.

Dada yangu hakuwa hivyo. Ni binti wa baba mkubwa, lakini kwetu huyo ni dada na maneno yanaishia hapo. Alianza kama mwalimu wa shule ya msingi Nagongera. Siku za soko, chaki bado iko kwenye vidole, alikuwa anapita kwa wauza mihogo na wauza kuku akiwauliza kisima chao kimeharibika tangu lini. Nilimwambia mwalimu anayeuliza maswali ambayo hayana mtihani ana ugonjwa. Akaingia baraza la wilaya. Kisha akagombea ubunge, akazunguka kwa baiskeli iliyokuwa na kengele lakini haina breki, akashinda. Miaka mitano baadaye akashinda tena.

Ubunge niliuona kwa karibu, na ndiyo maana siutamani. Akija nyumbani, kabla jua halijatoka, watu wameshajaa uani kwake. Huyu anataka mabati, yule ana maiti hospitalini na hana gari la kuileta, mwingine amekuja kumwambia tu kwamba alimpigia kura, kisha anakaa, hasemi kingine wala haondoki. Walimwita onarebo, yaani mheshimiwa, mbele yake, na nyuma yake walihesabu mazishi ambayo hakuyahudhuria. Niliwahi kumuona amesinzia amesimama, mkono wake bado uko ndani ya mkono wa mtu.

Chaguzi zote hizo nilikuwa wakala wake kwenye kituo chetu, uwanja wa shule. Kazi ya wakala ni kukaa. Unakaa kwenye benchi kuanzia asubuhi, unatazama watu wakiinama mmoja mmoja juu ya beseni la plastiki linaloficha karatasi ya kura kuweka alama, na saa kumi kura zinamwagwa mezani, msimamizi anainua karatasi moja moja, anasoma jina kwa sauti, umati unaitikia. Mwisho hesabu zinaandikwa kwenye fomu, wakala anasaini, anapewa nakala. Nakala hiyo ndiyo kila kitu. Dada alinichagua kwa sababu, alivyosema, "Huyu ukimweka mahali leo, kesho utamkuta hapo hapo."

Alisahau kwamba mahali penyewe ni nyumbani kwangu.

Mara ya tatu mpinzani wake alikuwa na nguvu, na dada alijua. Wiki ya mwisho alipita kwangu, hakukaa. Alisimama mlangoni, amekonda.

"Ndugu yangu, mwaka huu tutabanana kura kwa kura. Usitoke hapo mpaka uwe na karatasi mkononi."

"Mimi nitoke niende wapi?" nikamwambia, na wote waliokuwepo wakacheka, hata yeye.

Siku ya kura, asubuhi, kabla mstari haujaanza kusogea, nilimwona msimamizi anapanga fomu zake. Alikuwa mwalimu kijana, shati limepigwa pasi. Nikamwendea. Nilimwambia macho yananisumbua jua likishuka, kwa hiyo ningesaini sasa, yeye ajaze hesabu jioni.

"Mzee, hii tunasaini baada ya kuhesabu."

"Kijana, ulikuwa bado unavaa kaptura mimi nikiwa wakala."

Alinitazama. Alitazama mvi. Kwetu kijana hawezi kubishana na mvi mbele ya watu, na mimi nilijua hivyo nilipozileta pale. Akanisogezea kalamu.

Saa tisa na nusu nilimwambia wakala niliyekaa naye benchi kwamba naenda kujisaidia. Nilifika nyumbani nikakuta ugali wa wimbi na majani ya kunde yaliyopikwa kwa njugu, nikala, nikavuta kiti kwenye kivuli cha ukuta. Ujumbe wa dada ukaingia kwenye simu, ule aliowatumia mawakala wote: "Uko kituoni?" Nikajibu: "Niko hapa hapa. Kila kitu sawa." Kisha nikalala, kidevu kifuani.

Aliyeniamsha ni jirani yangu, mama mjane anayelima upande wa pili wa ua, mwenye mguu mbovu na ulimi mzima. Huniita Chairman, si kwa cheo, ni kwa sababu ya kiti. Alikuwa anatoka kituoni, vumbi mpaka magotini.

"Chairman, tumewafunga," akasema. "Dada yako amewaacha mbali. Nilihesabu na vidole, vidole vikaisha, nikaanza tena. Wewe ulikuwa umesimama wapi, mbona sijakuona?"

"Nyuma," nikasema.

Alitazama sahani kando ya kiti. Akaenda zake.

Kesho yake redio ilimtangaza mpinzani. Tofauti ilikuwa ndogo, watu wa kuweza kukaa kwenye harusi moja. Mchana gari la dada likaingia uani. Alikuwa ametoa karatasi za matokeo ya vituo kwenye bahasha, na kidole chake kilikuwa kwenye mstari mmoja.

"Hapa kwenu," akasema, "kuna hesabu sielewi. Kura zangu zimeandikwa chache, na huyu aliye chini yangu kwenye orodha ana kura nyingi. Mtu ambaye hata kampeni hakuja kufanya huku."

Hata mimi, mtu wa kulala, niliona mara moja. Kijana alikuwa amechoka, akaruka mstari, akaandika kura za dada kwenye kisanduku cha yule wa chini, na za yule kwenye cha dada. Hakuna aliyeiba. Ni kosa ambalo wakala angeliona kwa jicho moja, akasema, "Mwalimu, rudi juu," na likaisha.

"Ulikuwepo zilipoandikwa?" dada akauliza.

"Nilikuwepo."

Neno lilitoka lenyewe. Nikangoja lirudi, halikurudi.

"Basi nipe nakala yako."

Nikasema iko chumbani. Niliingia, nikafunga mlango, nikaanza kutafuta kitu ambacho nilijua hakipo. Nilifungua sanduku la nguo. Niliinua godoro. Mke wangu alikuwa ameketi kitandani anachagua mchele kwenye ungo, akanitazama mpaka nilipofika kwenye viatu.

"Unatafuta nini ndani ya kiatu?"

"Nakala."

"Nakala gani? Si ulirudi kula?" Alinong'ona, lakini ukuta wetu wa udongo hauzuii neno.

Nilitoka nje nikasema nitaitafuta vizuri, pengine watoto wameichezea. Watoto wetu wa mwisho wameshaoa. Dada alinitazama muda mrefu, kama alivyokuwa akiwatazama wanafunzi wanaosema daftari limeliwa na mbuzi, kisha akaingia kwenye gari. Mawakili wake walikuwa wamemwambia zimebaki siku chache tu za kuomba kura zihesabiwe upya, na mahakama itauliza jambo moja kwanza: wakala wako alisaini, sasa unalalamikia nini?

Siku mbili sikula vizuri, jambo ambalo mke wangu alilitangaza kama habari. Nikikaa kwenye kiti naona barabara, na kila pikipiki ikipunguza mwendo nainuka kuingia ndani. Mara walipita vijana wa mpinzani, wakapunga mkono kwa furaha: "Mzee wetu!" Sijawahi kusalimiwa vibaya kiasi hicho. Jirani alikuwa anapalilia upande wake, jembe linakwenda, haniiti Chairman, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

Siku ya tatu nilipanda boda mwenyewe mpaka Nagongera, na kutoka hapo mpaka Tororo. Nilimkuta dada ofisini kwa wakili, viatu amevua, miguu imevimba. Nikamwambia yote nikiwa bado nimesimama. Fomu, mvi, kunde, usingizi.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Na siku ile niliyokuja, kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

Wakili, mwanamke kijana mwenye miwani, alikuwa tayari anaandika. Nilikula kiapo, nikasaini hati yenye yote hayo na uongo wangu wote, safari hii nikiwa nimesoma kila neno mara mbili.

Mahakamani wakili wa mpinzani alikuwa na adabu sana. Aliniita mzee kila mara.

"Mzee, hii saini ni yako?"

"Yangu."

"Nzuri. Ulitishwa?"

"La."

"Saa kumi na moja ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Ukifanya nini?"

"Nimelala."

Watu wakacheka. Nikacheka kidogo nami, kwa mazoea, na nikaona dada amefumba macho.

"Umelala. Sasa mzee, tusomee ujumbe huu uliomtumia mheshimiwa jioni hiyo hiyo."

Simu yangu ilikuwa mezani kwao; mahakama ilikuwa imeagiza niitoe. Nilisoma. "Niko hapa hapa. Kila kitu sawa." Sauti yangu ilitoka ndogo, kama ya mtu aliye ndani ya mtungi.

"Na baadaye ukamwambia tena, kwa mdomo, kwamba ulikuwepo. Sivyo? Kwa hiyo umesema mara mbili ulikuwepo, na leo unasema hukuwepo. Tukuamini siku gani?"

Jirani yangu naye alisimama kutoa ushahidi, akaeleza vidole vyake vilivyokwisha, lakini vidole havina muhuri. Msimamizi kijana aliapa kwamba, kadiri ya kumbukumbu yake, alijaza sawasawa, na naamini aliamini hivyo. Hakimu alisoma uamuzi wake taratibu. Alisema fomu imesainiwa na mawakala wote, na kwamba shahidi mkuu wa kuipinga amejipinga mwenyewe. Ombi likakataliwa. Sanduku la kituo chetu halikufunguliwa. Sikuweza hata kumkasirikia, kwa sababu ningekuwa mimi hakimu nisingejiamini.

Nje, mawakili walimwambia dada kuna kesi kubwa zaidi anaweza kufungua, ndefu. Akasema amechoka. Akavaa viatu vyake kwa shida, akanishika bega kushuka ngazi, kama vile mimi ni ukuta.

Sasa anaishi nyumbani. Analima, na uani kwake asubuhi hakuna mtu, isipokuwa wachache ambao hawajazoea. Mbunge mpya ni mtu wa kawaida, si mbaya. Kisima cha chini kule kimeharibika tangu mvua za kwanza, na watu wanakwenda kumwambia dada, naye anawaambia kwa upole kwamba si kazi yake tena, kisha usiku, mumewe ameniambia, anakaa anaandika barua za kisima hicho kwa ofisi ambazo hazimjibu.

Wiki iliyopita alikuja kwangu kwa miguu, ameleta viazi. Tulikaa. Alinitania kuhusu tumbo, akamtania mke wangu kwa kunipikia vizuri mno. Akiinuka kuondoka akasema, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo, "Yale mambo yaliisha, ndugu yangu. Usiyabebe." Nilimsindikiza mpaka barabarani, mbali kuliko ninavyomsindikiza mtu yeyote, na niliporudi nilikuwa mwepesi kiasi kwamba nilitaka kumwambia mtu.

Jirani alikuwa kwenye ua wake anaanika mihogo. Nikamwambia dada amenisamehe. Hakuacha kuanika. Alimaliza safu aliyokuwa nayo, akanyoosha mgongo, akanitazama.

"Dada yako akusamehe, hiyo ni mambo yenu ya ukoo. Mimi nilisimama na huu mguu tangu asubuhi mpaka saa nane, nikapiga kura yangu, wewe ukaenda kula. Mimi bado sijakusamehe."