Mashine Niliyoichomoa Siku ya Radi

Mimi na radi hatuna utani. Nimezaliwa chini ya Mlima Meru. Ikianza kunguruma unafunika kioo, unazima redio, unachomoa kila kilichoko ukutani. Hapa Olasiti nimefanya hivyo miaka yote na nyumba yangu haijaungua.

Mchana ule wingu liliushika mlima, nikaingia chumbani kwa mjukuu wangu. Yeye alikuwa jikoni anachemsha chai. Kompyuta yake, lile dude la mezani, ilikuwa nyeusi tii. Nikasema limeshakufa hili. Nikachomoa, nikalifunika kanga.

Aliporudi alipiga kelele kama kaona nyoka.

"Bibi! Umechomoa?"

"Nimechomoa. Husikii radi?"

"Ilikuwa inabadilisha kerneli!"

"Hata ingekuwa inabadilisha nguo. Si kwenye radi."

Hakucheka. Akakaa kitandani akanieleza, nikasikiliza, maana ndiye wa kwanza kwenye ukoo wetu kulipwa kwa kufikiri. Kerneli ndiyo bosi wa mashine. Wa zamani anaondoka, mpya anaingia, na mashine haizimwi. Aliyokuwa ameyashika wa zamani kichwani, yaani kumbukumbu zake, yanabaki palepale. Anamwachia mwenzake maandishi tu, kwamba mambo yako hapa na hapa, usiyakanyage. Umeme ukikatika, kichwa kitupu.

"Kama makabidhiano ya mwenyekiti wa mtaa," nikasema.

"Hapohapo, Bibi."

"Basi wamekudanganya. Wetu mpya alikuta kabati halina hata kalamu."

Saa kumi na moja mabosi zake walitaka kuona, kwa simu ya video, kumbukumbu zikivuka. Zisipovuka, kazi anapewa mwingine. Na saa tisa ilikuwa imeshapita. Akachomeka, akaanza upya kuijaza mashine hizo kumbukumbu, radi inapasuka juu ya bati. Samahani sikuisema. Nilivuta kiti nikakaa mlangoni.

Kuna kitu kilikuwa kinanisumbua. "Huyu wa zamani akishatoka na mpya hajakaa sawasawa, hapo katikati nani anazishika hizo kumbukumbu?"

"Hakuna anayezishika, Bibi. Zinakaa tu."

"Bila mtu?"

"Bila mtu."

Nikazidi kuchanganyikiwa. Mimi nikiweka maziwa bila mtu, paka anayamaliza.

Mabosi wakaingia kwenye simu. Akabonyeza. Mashine ikawa nyeusi tena, radi ikapiga karibu mpaka madirisha yakatetemeka. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye waya. Mjukuu alinitazama tu. Nikaukalia huo mkono.

Maandishi yakatokea kwenye kioo cha mashine. Akayapitia mstari kwa mstari, kisha akaanza kucheka huku analia. "Zipo! Zote zipo!" Kwenye simu wakapiga makofi.

"Sasa humo ndani ni yuleyule?" nikauliza.

"Mwingine, Bibi."

"Na anayakumbuka ya mwenzake?"

"Yote."

Nikaitazama ile mashine. Sikujua nimpongeze mjukuu wangu au kwanza nimkaribishe huyo mgeni.