Chaja Tatu na Betri ya Kina Mama

Nakumbuka Jumapili moja kule juu Marangu, mwanangu, jua limetoka na mlima uko wazi mpaka kileleni, nami nimesimama mbele ya kina mama waliotoka kanisani, nikiwadanganya bila haya.

Usishangae. Huyu bibi unayemwona hapa Soweto ya Moshi na koleo lake na miwani ya kamba alikuwa na kiburi, tena si kidogo. Kwa umri sikuwa msichana, lakini betri za lithiamu ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia kwetu, na aliyejua kuzifunga alijiona yeye ndiye yeye.

Kina mama wa kikundi cha maziwa walinipa kazi ya friji yao kubwa. Maziwa ya kaya zao zote yalilala mle yakisubiri gari la Jumatatu. Betri ya kuiendesha ilikuwa moja, lakini vya kuichaji vilikuwa vitatu: sola za juu ya bati, chaja ya umeme wa nguzo, na kamtambo kadogo kanakozungushwa na maji ya mfongo, ule mfereji wetu wa asili unaoteremka toka msituni. Sasa, betri hizi zina kisimamizi chake, mafundi tunakiita BMS. Kazi yake ni kuiangalia betri, na ikijaa, kutoa amri chaji isimame. Amri ile niliipeleka kwenye sola na kwenye chaja ya nguzo. Kamtambo nikakaunga moja kwa moja kwenye betri. Nilikadharau tu. Kanatoa umeme kiduchu, nikajisemea, kataidhuru nini betri yote ile?

Jumapili hiyo betri ikajaa. BMS ikazima sola, ikazima chaja, kamtambo kakaendelea kusukuma. BMS ilipoona haisikilizwi, ikafanya jambo la mwisho la kuinusuru betri: ikaikata, isipokee wala isitoe. Friji ikazima na maziwa yote ndani.

Nilipofika nikafungua kisanduku, na mara moja nikaliona kosa langu. Lakini kina mama walikuwa wamenizunguka, na jina langu ndilo lililonilisha. Nikasema, "Mmeuziwa betri mbovu. Irudisheni Moshi mjini."

Mama Ndeshi, mwenyekiti wao, akashika kichwa. Betri ile walijinyima mengi kuipata.

Alikuwepo msimamizi wa zamu za maji ya mfongo, mzee tuliyemwita Meku, kwa Kichagga chetu ni kama kusema Mzee. Alikuwa ameinamia waya zangu, mikono nyuma.

"Shikamoo, Meku," nikasema, nikitamani aondoke.

"Marahaba, mwanangu. Huu unaotoka kwenye maji, nani anaufunga betri ikishiba?"

"Meku, huu ni umeme, si mfongo."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza wewe." Hakupandisha sauti. "Bwawa letu linaingiza maji kwa mifereji mingi, lakini yote inamsikiliza mtu mmoja. Na bado tumeacha njia, maji ya ziada yaende kwenye migomba. Ya kwako umeyaachia njia gani?"

Akaziinamia tena waya. Aibu ilinishika. Hakuna mama hata mmoja aliyeelewa waya zile. Ningeweza kuendelea na uongo wangu nikaenda zangu. Lakini mzee hakunisema. Aliniachia nafasi niseme mwenyewe.

"Mama zangu," nikasema, "betri ni nzima. Kosa ni langu."

Mama Ndeshi akasema, "Haya, vua viatu vya kanisani, ufanye kazi. Sisi haya maziwa tutayachemsha, yatakayoshindikana tutagandisha mtindi."

Nilifunga upya siku hiyohiyo. Vyote vitatu nikavipa swichi zinazotii BMS. Kamtambo, kwa kuwa ukikakata ghafla kanazunguka kama kichaa, nikakawekea hita: betri ikijaa, umeme wake unahamia kuchemsha maji ya kuoshea madumu. Kina mama waliyapenda yale maji ya moto kuliko friji yenyewe! Na kazi zote nilizopata huko juu baadaye, ni wao walionitaja. Meku ametangulia mbele ya haki, hakuwahi kumsimulia mtu aibu yangu ile. Namshukuru mpaka leo.

Basi wewe unayeanza ufundi, usiunge kwenye betri kitu chochote, hata kiwe kidogo namna gani, kisichotii amri ya kusimama. Umeme wa ziada utafutie kazi mapema. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, mbele ya walewale uliowakosea, kabla uongo haujapata miguu. Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Akupe na mtu wa kukuuliza swali siku utakapokosea, na ujasiri wa kumjibu ukweli.