Kaseti ya Baba Mdogo

Juzi mjini Same nilimwona fundi akifunga redio kwenye gari la spoti la zamani, nikamshukuru Mungu tena kwa mchana ule wa utoto wangu baba mkubwa alipofunga redio ya kaseti garini mwake. Bibi aliteremka kutoka Suji na kaseti ya baba mdogo, aliyefia kazini mbali. Ilikuwa imekaa mwaka mzima kwenye mkoba wa Biblia, maana betri za redio hazikupatikana madukani.

Baba mkubwa akaitumbukiza redioni, sauti ikatoka: “Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umekula?” bibi akaitikia.

Baba mdogo akaendelea tu kuzungumza. Mimi niliyeambiwa kwamba amesafiri nilikasirika, nikamwona hana adabu. Baba mkubwa aliinamisha uso kwenye usukani.

“Irudishe nyuma,” bibi alimwambia. “Anisalimie tena.”