Neno Langu la Siri Lilifika Kibaoni

Ukicheka, cheka taratibu, maana bado naishi Mpanda hiihii.

Mradi wetu wa visima umepata kompyuta yake ya kwanza, na mimi niliyesoma kozi ya wiki mbili Tabora ndiye mtaalamu. Juzi meneja aliniagiza nitume Dar, kwa waya wa simu, orodha ya watakaopunguzwa kazi.

"Siri kabisa, kijana wangu. Jina moja likivuja, na lako naliongeza."

Nikafunga mlango, nikashusha mapazia, nikamtoa nje hata mama wa chai. Modemu ikalia kama bata aliyekanyagwa, kisha kompyuta ya Dar ikakataa neno langu la siri. Mara tatu! Simu nayo ikakatika.

Nikakimbilia redio ya upepo, ile tunayozungumzia na vituo vyetu vyote, nikamwita fundi wa Dar.

"Nitajie neno lako nilisajili upya, ova."

Mtaalamu mimi nikainamia kipaza sauti nikanong'ona, ili vituo vingine visisikie.

"Sikusikii, Mpanda. Paza sauti, ova!"

Nikapaza kama niko mnada wa ng'ombe: "Fotunata wangu! Ova!"

Fotunata ndiye mhudumu wa redio kituo cha Kibaoni. Sijawahi hata kumwona, namjua kwa sauti tu.

Kisha ikaja sauti yake ileile ya upole, kwa utaratibu wote wa kazi:

"Kibaoni imepokea. Mume wangu yuko hapa, naye amepokea. Ova."